Bonde Lililoondolewa Serikali

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha. Nchi yenyewe imebadilishwa jina mara nyingi mno, hata wananchi wakifika pale kwenye wimbo wa taifa panapotajwa jina hufumba midomo na kunung'unika tu ili wasikosee. Msomaji asijichoshe kuitafuta kwenye ramani. Akiona humu jambo linalofanana na la kwao, basi duniani wawili wawili, na mimi simo.

Kwa miaka mingi nchi hiyo ilitawaliwa kwa idhini ya mbingu. Juu ya kila mlango wa ofisi paliandikwa: KWA IDHINI YA MBINGU, FUNGA MLANGO TARATIBU. Mtu akiuliza kwa nini maji hayajafika kwao, aliambiwa Mungu ndiye ajuaye, naye akarudi nyumbani kusali. Mambo yalikwenda vizuri tu. Tatizo la mbingu ni kwamba zina wasemaji wengi. Leo shehe fulani anasema ameitafuta hiyo idhini kitabuni na hakuona panaposema muhula wa sita, kesho askofu naye anasema ameota ndoto. Mtukufu Rais akachoka.

Ndipo akarudi Profesa Gervasi Mbonde kutoka masomoni ng'ambo, na darubini moja na kikohozi kisichokwisha. Aliitwa Ikulu kutoa mhadhara. Akasema huko alikotoka watu waliacha zamani kuuliza nani kasema. Siku hizi wanauliza limepimwaje. Jiwe halianguki kwa sababu mfalme amependa lianguke. Lina kanuni yake, na kanuni hiyo haimjui mfalme wala mchunga mbuzi. Wenye akili walipolitafakari jiwe hilo wakajiuliza kama utawala nao hauna kanuni, na wakaanza kusema kwamba serikali haikushuka kutoka juu. Ni chombo, kimeundwa na watu, na chombo hupimwa kama kinafanya kazi. Kisipofanya kazi, walioridhia kiwepo wanaweza kuiondoa ridhaa yao.

Mawaziri walitazama viatu vyao wakisubiri Profesa akamatwe. Mtukufu Rais alimaliza kwanza kikombe chake cha chai.

"Hayo majaribio, Profesa, hufanywa na nani?" akauliza.

"Na yeyote mwenye vifaa, Mtukufu."

"Na vifaa hununuliwa na nani?"

"Na serikali, Mtukufu."

"Basi hiyo sayansi ni nzuri sana," akasema Mtukufu Rais, na mawaziri wakapiga makofi, kila mmoja akitaka kuonekana kwamba yeye alikuwa ameipenda tangu lile jiwe.

*

Juma hilo hilo mbingu ziliandikiwa barua ya kushukuriwa kwa utumishi wao wa muda mrefu. Milango ikapakwa rangi upya: KWA MUJIBU WA VIPIMO, FUNGA MLANGO TARATIBU. Ikaundwa Wizara ya Utawala na Majaribio, na Waziri wake, mtu mnene mwenye sauti laini, akala kiapo akiwa ameshika kipimajoto.

Swali la kwanza la Wizara lilikuwa kubwa: je, serikali inawafaa watu? Profesa Mbonde akaeleza njia. Unachukua vitu viwili vinavyolingana, kimoja unakipa dawa, kingine unakinyima, kisha unatazama. Wakachagua mabonde mawili ya mlima mmoja, mvua moja, udongo mmoja. Bonde la Mgombezi litapewa serikali mara tatu ya kawaida, nalo liitwe Eneo A. Bonde la Kwangweni litaondolewa serikali kabisa kwa mwaka mzima, nalo liitwe Eneo B. Profesa alishikilia majina yawe herufi tu, kwa sababu sayansi haitaji watu kwa majina, isije ikawaaibisha. Wala wakazi wasielezwe kinachopimwa, kwa kuwa mgonjwa akijua amepewa dawa gani huanza kupona kwa ujanja.

Kabla ya kupima, sayansi hudhani kwanza jambo litakavyokuwa. Nchini humo dhana hiyo ilitolewa na Baraza la Mawaziri na kupigwa muhuri. Ilisema: Eneo B litaangamia.

Sasa akatafutwa mtazamaji wa Eneo B, mtu asiyejua kusema uongo, ili dunia iamini. Wakampata Abineri Kihedu. Huyu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisoma kipimamvua cha serikali kila asubuhi saa tatu na kuandika alichokiona, hata siku ya sherehe za uhuru, alipoandika milimita sifuri wakati redio ya taifa inatangaza kwamba mvua ya baraka imemlaki Mtukufu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, hana mke wala mtoto, na hakumaliza sekondari. Ofisini walimwita "wewe wa mvua". Aliposikia ameteuliwa kuitumikia sayansi alinunua kalamu mpya kumi na mbili, moja kwa kila mwezi.

Akapewa kanuni moja tu, nayo ilichapwa kwa herufi kubwa: MTAZAMAJI HAGUSI ANACHOKITAZAMA.

*

Kuondolewa serikali si jambo jepesi. Wakazi wa Kwangweni walitakiwa kujaza fomu ya kuomba kutotawaliwa, nakala tatu, kila moja na picha ndogo ya rangi. Asiyejaza kwa wakati alionywa kwamba ataendelea kutawaliwa peke yake.

Siku yenyewe ilipofika, Mkuu wa Wilaya, Kanali mstaafu Mabruki, alihutubia kwa saa tatu.

"Ndugu wananchi," akasema, "ifikapo saa sita kamili, kwa sababu za kitaalamu, serikali yenu inaondoka. Msilie. Atakayelia atanivunja moyo. Na asiyelia nitaliandika jina lake."

Watu wakalia kiasi. Askari wakashusha bendera, wakang'oa mlingoti, wakapakia meza, mihuri, picha ya Mtukufu, na kibao cha zahanati ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Walichukua hata ile mbao ya USIKOJOE HAPA. Kwa siku mbili wanaume walikuwa wakipita pale kufurahia uhuru wao. Siku ya tatu harufu ikawazidi, wakaacha wenyewe, na Abineri akaliandika hilo.

Juma la kwanza watu wachache waliendelea kupanga foleni mbele ya ofisi iliyofungwa, kwa mazoea. Mmoja aliuliza apeleke wapi malalamiko kwamba hakuna pa kupeleka malalamiko. Baadaye wakaisahau. Ile ofisi wakaigeuza ghala, maana ilikuwa na paa zuri.

Kwangweni kulikuwa na mfereji. Maji yalishuka kutoka mlimani hadi kwenye ndiva, kile kibwawa wanachokichimba watu wa milimani, na kutoka hapo yalipita shamba kwa shamba kwa zamu. Zamu zilikuwa kichwani mwa mjane mmoja, Bi Nakiete, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya bonde bila yeye kunyanyuka kitini. Serikali ilipokuwepo alizipanga. Ilipoondoka akaendelea kuzipanga, na tofauti aliyoiona ni kwamba hakuitwa tena mikutanoni kueleza anavyozipanga.

Tangu siku ya kwanza Bi Nakiete alimletea Abineri chakula. Makande, ndizi, wakati mwingine maziwa.

"Kula, baba," alikuwa akisema. "Kuandika nako kunachosha, ingawa sijui kunachosha wapi."

Kila Alhamisi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya wote. Wote walikwenda mferejini na majembe. Abineri naye alikwenda na daftari lake na mwavuli, akasimama kando. Wakimwita, aliwaonyesha ile kanuni iliyochapwa. Waliisoma kwa heshima, wakaendelea kuchimba.

Mwezi wa tatu mvua ilipasua ukingo wa ndiva. Bonde zima likakimbilia huko, wakapanga mstari wa kupokezana mawe kutoka korongoni. Mstari ukawa mfupi kwa mtu mmoja. Pengo lilikuwa mbele ya Abineri kabisa, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Mzee mmoja wa miaka sabini akawa anaruka huku na huku, akipokea jiwe upande huu na kulipeleka upande ule, akihema. Hakuna aliyemwambia Abineri neno. Naye akaandika: *Watu thelathini na wawili mstarini. Pengo moja.* Ilikuwa kweli tupu. Jioni ile Bi Nakiete alimletea makande kama kawaida, naye akayala akiwa ameinamisha uso kwa aibu.

*

Mara moja tu aliivunja kanuni, na kwa mdomo tu. Asubuhi moja Mzee Omari aliamka akakuta maji ya zamu yake yamekwenda kwa jirani yake Zabroni, kaka wa kuzaliwa na Bi Nakiete. Zabroni akaapa hakugusa banio, kile kizibo cha kugawia maji. Ugomvi ukapanda, majembe yakashikwa vibaya. Bi Nakiete akamgeukia mgeni.

"Wewe, Bwana Kitabu. Macho yako hayalali. Umeandika nini?"

Abineri alisita. Kisha akafungua daftari, na akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea milimita: "Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Zabroni alifungua banio. Zamu ilikuwa ya Omari."

Bi Nakiete alimtazama kaka yake, akavuta pumzi.

"Kitabu kimesema," akasema. "Kaka, shika jembe. Omari, shika karai."

Ndiyo desturi ya kule: waliogombana hupewa jembe moja na karai moja wakazoe tope la ndiva, huyu achimbe, huyu abebe, mpaka wacheke pamoja. Hawa walichukua siku tatu. Siku ya tatu Zabroni aliteleza akakaa kwenye tope mpaka kifuani, Omari akajaribu kuzuia kicheko akashindwa, na kesi ikaisha hapo hapo. Tangu siku hiyo mtu akibishana Kwangweni aliambiwa, "Nenda kamwulize Bwana Kitabu. Ameandika lililokuwepo." Hakuna mtu aliyepata kumpa Abineri heshima kama ile, na yeye aliipokea akijua hajawahi kubeba jiwe hata moja.

Mwezi wa saba, watu wa Mgombezi walianza kuvuka kilima kwa njia ya nyuma kuja kuhemea chakula. Huko kwao serikali ilikuwa imefika mara tatu. Walikuwa na wakuu wa wilaya watatu, na kila mmoja alitaka alakiwe kwa ngoma msafara wake unapopita. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita wao wakiwa wamesimama kando ya barabara na vibendera. Kwangweni hawakuuliza maswali. Bi Nakiete alipanga zamu za kuwapelekea mahindi, kaya mbili kila juma, akasema mtu akiwa na njaa husaidiwa kwanza, habari zake husikilizwa akishashiba.

Abineri akaandika hayo yote. Mwaka ulipokwisha alikuwa na madaftari kumi na mawili, na ndani yake hapakuwa na maangamizi hata ya kuku.

*

Kwenye basi la kurudi mji mkuu alijiandaa kishujaa. Hakuwa mjinga, alijua kilichokuwa kwenye madaftari hakikufanana na kilichopigwa muhuri. Alitunga hotuba ya kuwaambia wakimtisha. Nitieni pingu, angesema, lakini mvua haibadiliki kwa sababu ya pingu. Aliikariri mpaka akaipenda. Alijua hasa alichokuwa anakilinda: akisoma ukweli, Kwangweni itaachwa na mfereji wake, akisoma vingine, itarudishiwa Kanali Mabruki.

Hakuna aliyemtisha. Waziri alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Akafunua daftari la kwanza, la pili, la tatu.

"Mwandiko mzuri sana," akasema kwa ile sauti yake laini. "Umeandika vizuri ulichokiona, Dokta. Sasa tunaomba uandike kilichotokea."

"Mheshimiwa, mimi si dokta."

"Ni suala la muda tu."

Akaitwa Profesa Mbonde. Profesa alikuwa amekonda na kikohozi kimezidi, na hakumtazama Abineri usoni. Alieleza kwamba takwimu zikiwa mbichi ni sawa na muhogo mchungu: mwenye pupa akizila zitamdhuru, lazima zilowekwe, zianikwe, zitwangwe. Alieleza vizuri sana. Alipomaliza alikohoa, akaomba ruhusa, akatoka.

Kisha wakaleta joho. Lilikuwa jekundu, lina utepe wa dhahabu mabegani. Karani akamvalisha, akasogeza kioo. Lilimkaa kama alipimwa tangu utotoni. Mlangoni, fundi alikuwa akipigilia kibao: DOKTA A. KIHEDU, na katibu muhtasi akapita, akasimama, akasema, "Shikamoo, Dokta," naye alikuwa yule yule ambaye kwa miaka kumi na tisa alimwita wewe wa mvua.

Abineri aliitafuta ile hotuba yake. Ilikuwepo, maneno yote, ila yote yalikuwa ya kumjibu mtu aliyemtia pingu, na hapa hakuna aliyemtia pingu. Alikuwa amejiandaa kwa kamba, wakamletea joho. Kama wangempiga kofi moja tu, jamani, huenda angekuwa mtu mwingine. Akajitazama tena kiooni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda utangulizi unaweza kurekebishwa kidogo, na Waziri akamsukumia taarifa iliyokwisha chapwa.

*

Kongamano la Sayansi na Ridhaa lilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa taifa. Wakazi arobaini wa Kwangweni waliletwa kwa lori, wakakalishwa safu ya mbele, kwa sababu wapiga picha walihitaji nyuso za wananchi. Walikuwa wamekuja na magunia manane ya mahindi, zawadi kwa Mtukufu Rais, maana kwao mtu haendi ugenini mikono mitupu. Mapokezi ya Ikulu yaliyakataa kwa kuwa hayakuwa na muhuri, ikabidi yalale uani kwenye shule walikofikia.

Dokta Abineri Kihedu alipanda jukwaani na joho lake. Aliwaona mara moja. Bi Nakiete alikuwa katikati, amevaa kitenge kipya, akampungia mkono kama mtu anayemwona ndugu yake kafaulu. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya ukumbi ule ilikuwa ya zege.

Akasoma.

"Katika Eneo B, baada ya serikali kuondolewa, mwezi wa kwanza watu walipigwa na bumbuazi. Mwezi wa pili wakaanza kuibiana. Mwezi wa nne mfereji ulikauka kwa sababu ya ugomvi, na hapakuwa na wa kuwapatanisha. Mwezi wa saba kaya kumi na tisa zilikula mbegu. Watu wazima walionekana njiani wakilia na kuiulizia serikali yao."

Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea milimita, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine. Alipoinua macho, alimwona Bi Nakiete anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Zabroni alikuwa ameshika kichwa. Abineri akajua wamemwelewa, na kwamba maisha yake yamekwishia pale.

Mtukufu Rais akasimama.

"Sayansi imesema," akatangaza. "Lakini sayansi hiyo hiyo inatufundisha kwamba serikali ya kisasa haimtawali mtu bila ridhaa. Si kama zamani. Nauliza basi: nani anaridhia ndugu zetu wa Eneo B wasaidiwe kwa serikali mara tatu?"

Mikono ya kwanza kupanda ilikuwa ya Kwangweni. Walinyanyua wote arobaini kwa pamoja, wengine mikono miwili miwili. Bi Nakiete alisimama kabisa na kupaza sauti, "Wasaidiwe! Wasaidiwe leo leo!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mtukufu Rais alitokwa na machozi, nayo yakachukuliwa vipimo. Usiku ule Abineri alijigeuza kitandani akitafuta maana ya ile mikono. Karibu na alfajiri akaipata. Labda muda wote waliitamani serikali, wakaona haya kusema. Labda yeye ndiye hakuwa ameona vizuri. Akashikilia labda hiyo mpaka usingizi ukamchukua.

*

Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, alisikia hodi. Akafungua. Nje ya uzio palikuwa na mkokoteni wenye magunia manane, na watu wanane wa Kwangweni wakikaza kamba. Watatu wameshika majembe waliyoyaazima kwa watunza bustani wa ule ukumbi. Bi Nakiete alikuwa amesimama barazani.

"Umeamkaje, Dokta?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hatukai, tuna haraka. Tumekuja utuelekeze njia."

"Njia ya kwenda wapi, mama?"

"Kwa wale watu. Wa Eneo B. Kumbe nao waliondolewa serikali kama sisi, maskini." Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Jana hatukulala, baba. Watu wanakula mbegu! Tumekaa, tumepanga zamu. Hawa wanane wanaanza, wiki mbili, halafu wanakuja wengine. Mahindi tunayo haya. Na mfereji ukikauka kwa kununiana, dawa yake sisi tunaijua, wewe mwenyewe umeiandika. Serikali itakwenda, sawa, tumeridhia, lakini serikali ina safari ndefu ya makaratasi. Mwenye njaa hangoji."

Abineri alishika mwimo wa mlango.

"Ni mbali, mama."

"Mbali kuliko wapi? Wewe si ulifika?"

Alitazama yale majembe ya kuazima. Uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini, ulikuwa mwepesi, angeweza kuwaelekeza nyuma ya milima yoyote wakatembea mpaka mahindi yaishe. Hilo hakuliweza, na msomaji asimsifu kwa hilo, maana ni kidogo na lilichelewa.

"Mama," akasema. "Eneo B ni Kwangweni."

"Kwangweni ipi?"

"Yenu."

Bi Nakiete alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha. Kisha akakoma kusubiri.

"Uliona tunaibiana?"

"Hapana, mama."

"Mfereji ulikauka?"

"Hapana."

"Na mikono tuliyoinua jana?"

"Ilikuwa ya kuridhia mpelekewe serikali ninyi wenyewe. Kanali Mabruki na wenzake wawili walishaondoka jana jioni. Kwa sasa watakuwa wanasimika mlingoti."

Bi Nakiete aligeuka haraka kuangalia kama wenzake wamesikia. Hawakusikia, Zabroni alikuwa akibishana na kamba. Akasogea karibu, akashusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa mnong'ono.

"Walikupiga, baba?"

"Hapana, mama."

"Walikutisha? Walikuonyesha bunduki?"

"Hapana."

"Walikulaza ndani? Walikunyima chakula?"

"Hapana, mama."

Alikuwa akimtafutia sababu, na Abineri alizikataa moja baada ya moja kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kusema uongo. Nyuma yake, ukutani, joho jekundu lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Bi Nakiete aliliona. Hakuuliza tena. Abineri alingoja amtemee mate, na angeyashukuru.

Yeye akajifunga kitenge vizuri, akawageukia wenzake.

"Jamani! Dokta anasema wale watu wameshapata msaada. Tugeuze, tuwahi nyumbani."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Omari. "Na mahindi je?"

"Mahindi yaliyotolewa kwa mwenye shida hayarudi nyumbani. Unajua hivyo." "Yateremsheni hapa."

Wakayateremsha barazani, magunia yote manane, wakayapanga vizuri yasilowe mvua ikinyesha. Zabroni alimshika Abineri mkono kwa nguvu, akamshukuru kwa kuwajali wale watu, akaondoka na wenzake kuyarudisha majembe ya wenyewe. Bi Nakiete alitoka mwisho. Hakuaga.

Abineri alisimama pale barazani mpaka mkokoteni ukapotea. Angeweza kuyapeleka mahindi yale mahali, kwa yatima, kwa wafungwa, popote, na kwa siku kadhaa alisema atafanya hivyo. Kisha juma moja akachoka kwenda sokoni, akafungua gunia lililokuwa karibu na mlango. Yalikuwa mahindi mazuri, punje nene, hayana mdudu. Majirani walipomuuliza kayapata wapi, alisema ameletewa na watu wake. Aliyala yote.